Barua Iliyotoka Ujiji

Mnamo Julai 1872 wasomaji wa gazeti la New York Herald walikuta ndani yake barua ndefu iliyoandikwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Aliyeiandika alikuwa Dokta David Livingstone, na aliyeandikiwa alikuwa James Gordon Bennett Mdogo, mwenye gazeti. Ilikuwa barua ya shukrani, lakini ndani yake daktari alipenyeza hoja nzito: ikiwa habari zake za biashara ya watumwa zitasaidia kuikomesha katika pwani ya mashariki, jambo hilo atalithamini kuliko kuzigundua chemchemi zote za mto Naili. Wamarekani wengi, na Waingereza baada yao, hawakuwa wamewahi kuifikiria nchi ambayo leo ni Tanzania bara. Sasa iliingia sebuleni mwao kwa mlango wa gazeti, na iliingia ikitajwa kwa ugonjwa wake.

Mimi ni mtu wa Tabora, ninaishi Ujerumani. Kila mtu wa kwetu aliyepata kuishi ughaibuni anaijua ile asubuhi ya kazini baada ya televisheni kuonyesha jambo la nyumbani. Mwenzako anakusogelea na kikombe cha kahawa, uso umejaa huruma, anauliza kama ndugu zako wako salama na kama kweli kwenu watu hufanya vile. Ukikana, unadanganya. Ukikubali, umeitoa nchi nzima kwa dakika mbili za picha. Nilitaka kujua mazoea haya yalianzia wapi, ndipo nikaamua kuifuata barua ile kwa njia iliyopita. Watalii huifuata njia ya Stanley kwa kwenda bara. Mimi nilianzia ziwani nikaelekea pwani, maana habari ilikuwa ikitoka.

Ujiji ya leo imeungana na Kigoma, unaifikia kwa daladala. Chini ya miembe inayosemekana kuwa uzao wa mwembe ule wa 1871 kuna mnara wa mawe, na katika nyumba ya makumbusho kuna sanamu kubwa za Wazungu wawili wakiamkiana. Henry Morton Stanley alifika hapa Novemba 1871 akiwa ametumwa na Herald kumtafuta Livingstone, ambaye hakuwa ametuma habari kwa muda mrefu hata Ulaya ikadhani amekufa. Maneno aliyodai kumwamkia nayo yanajulikana dunia nzima. Livingstone hakuyaandika popote, na katika shajara ya Stanley kurasa za siku ile zimechanwa. Wa kwanza kumwamkia Stanley, kwa ushahidi wa Stanley mwenyewe, alikuwa Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyetoka mbio katikati ya umati na kumsalimu kwa Kiingereza. Katika sanamu zile Susi hayumo.

Kuna jambo moja la Ujiji ambalo ningependa kila mwanahabari alijue. Kabla ya kurudi hapa, Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, katika Maniema ya Kongo ya leo. Karatasi zilimwishia. Akachukua nakala ya zamani ya gazeti la London liitwalo The Standard, toleo la 1869, akaandika shajara yake juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino alioutengeneza kwa mbegu za mmea wa huko. Ndivyo yalivyoandikwa mauaji ya tarehe 15 Julai 1871, siku ambayo watu wa msafara wa Dugumbe waliwafyatulia risasi wanawake waliokuwa sokoni, na mamia wakafa kwa risasi au kwa kuzama mtoni. Wino ule ulififia hata hausomeki. Ilikuwa hadi 2011 ambapo wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki waliusoma tena kwa mwanga maalumu wa picha.

Walichokikuta hakilingani sawasawa na kilichochapishwa. Kitabu cha shajara za mwisho za Livingstone kilitoka 1874, baada ya kifo chake, kikiwa kimehaririwa na Horace Waller, mpiganaji dhidi ya utumwa. Shajara ya gazeti inaacha maswali juu ya watu wa msafara wa Livingstone mwenyewe, watumwa aliotumiwa kutoka Unguja: walikuwa wapi siku ile, na walifanya nini. Katika kitabu lawama ni nyepesi kubeba, kwa kuwa mwovu ni mmoja na mwema ni mmoja. Mauaji yalitokea, hilo halina shaka, na aliyeyaona aliumia rohoni. Lakini habari ilipokuwa ikisafiri kutoka kwenye gazeti kuukuu hadi kwenye kitabu chenye jalada gumu, ilikuwa ikinyooshwa.

Mzee anayeongoza wageni pale alinitazama begi langu akajua natoka mbali. "Huko mnakokaa, mwanangu, wanasemaje juu yetu siku hizi?" Nikamwambia wanatuonyesha wakimbizi. Akacheka. Waandishi wa nje wanaokuja Kigoma, alisema, hupanda magari yao moja kwa moja kwenda kambi ya Nyarugusu, na hawamuulizi mwenyeji wa Kasulu anaishije na jirani zake wale kwa miaka hii yote.

Treni ya Kigoma kwenda Tabora haina haraka, nami sikuwa nayo. Reli hii ilifika ziwani 1914, Wajerumani wakiwa wameijenga karibu na njia ya misafara. Unapita Uvinza yenye chumvi yake, unapita Kaliua, unafika Urambo. Hapo nilitamani treni isimame kwa muda mrefu zaidi.

Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Uyowa, aliifunga njia ya Ujiji. Stanley alikuwa amekwama Tabora, akaungana na Waarabu kwenda kumpiga. Vita ikawaendea vibaya. Walioingia kijiji cha Wilyankuru walishambuliwa kwa kuviziwa wakiwa wanarudi na mateka na pembe, na siku chache baadaye Mirambo akaja kuchoma sehemu ya Tabora yenyewe. Kwa wasomaji wa Herald, Mirambo alikuwa jambazi wa porini aliyeziba njia ya wasafiri. Sababu ya ugomvi haikupata nafasi kama ile ya moshi na bunduki. Misafara ya pwani ilipita katika nchi za watemi ikichuma utajiri. Mirambo alitaka ushuru wake, na aliwalaumu Waarabu wa Unyanyembe kwa kuwahifadhi maadui zake. Mtu akizuia mpaka wa nchi yake hadi alipwe kodi, Ulaya ingemwita waziri wa fedha.

Aprili 1876 Stanley alikutana na Mirambo uso kwa uso. Wakachanjiana damu wakawa ndugu. Kalamu ileile sasa ikamsifu kwa upole, kwa akili, kwa adabu, ikamlinganisha na Bonaparte. Mirambo hakuwa amebadilika katika miaka mitano. Kilichobadilika ni mahali alipokaa mwandishi: mara ya kwanza ndani ya tembe la adui zake, mara ya pili mbele ya mwenye nchi. Sijapata kuona somo la uandishi wa habari lililo wazi kama hili, na limo ndani ya maandishi ya mtu mmoja. Leo shule ya sekondari pale Tabora inaitwa Mirambo, na jijini Dar es Salaam jengo la Benki Kuu liko Mtaa wa Mirambo. Mtoza ushuru amepata heshima yake.

Kwihara, kitongoji cha Tabora nilichokijua tangu utoto, kina tembe lililojengwa upya mahali Livingstone alipoishi na Stanley mwanzoni mwa 1872. Tarehe 14 Machi mwaka huo waliagana. Stanley akashika njia ya pwani na mzigo wa barua na shajara iliyofungwa kwa lakiri. Livingstone akabaki kusubiri wapagazi wapya. Ukikaa kwenye kizingiti cha tembe lile unaweza kufikiria kilichokuwa kikipita mbele ya mlango. Pembe za ndovu zilikuwa zikienda mashariki mabegani mwa watu. Nguo zilikuwa zikija magharibi, na nguo iliyotakiwa kuliko zote ilikuwa merikani, iliyoletwa Unguja na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Stanley mwenyewe alilipia safari yake yote kwa mitumba ya nguo, ushanga na nyaya za shaba.

Na pembe zilikwenda wapi? Sehemu kubwa ya pembe za Unguja ilikuwa ikipelekwa Marekani, katika jimbo la Connecticut, kwenye viwanda vya Deep River na mji ambao hata jina lake, Ivoryton, umelichukua kwa pembe. Huko zilikatwa vipande vyembamba vya kubandikwa kwenye vitufe vya piano. Kwa hiyo mama wa New York aliyesoma barua ya Ujiji akafuta machozi, huenda alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwenye piano iliyopita njia hii hii, begani mwa mpagazi au mtumwa. Gazeti halikumwambia. Stanley aliandika juu ya wafadhili wa Kihindi wa Unguja, raia wa kulindwa na Uingereza, waliokopesha misafara mtaji, na hilo ni la kusifiwa kwa kuwa liliwakera Waingereza. Lakini mnunuzi wa mwisho, aliyeinunua pembe na aliyelinunua gazeti, alibaki nje ya habari. Hilo ndilo shitaka langu kwa habari zinazoandikwa juu ya kwetu. Uongo katika habari hizo mara nyingi ni mdogo, ila hadithi huanzia na kuishia katika mipaka yetu, kana kwamba maradhi yetu hayana biashara na mtu mwingine.

Ugogo niliupita usiku, kama wanavyoupita wengi. Kutoka Dodoma siku hizi unateremka na treni ya umeme hadi Dar es Salaam kwa saa chache, safari iliyomchosha Stanley kwa majuma kadhaa ya matope na homa. Mabaharia wawili Wazungu alioondoka nao pwani, Farquhar na Shaw, walifia njiani wote wawili. Wapagazi waliokufa hawakuandikwa kwa uangalifu huo.

Bagamoyo ndiko njia ya misafara ilikokutana na bahari. Stanley aliingia hapa Mei 1872, mbele ya msafara akiwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utotoni hadi India, aliyekwisha kuwaongoza Burton na Speke, na ambaye baadaye angevuka bara zima pamoja na Cameron. Katika kitabu chake Stanley anaeleza bila haya jinsi alivyompiga Bombay. Karibu miaka miwili baadaye, Februari 1874, Susi, Chuma na wenzao waliwasili na maiti ya Livingstone, wakiwa wameibeba kwa miezi tisa hivi kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo. Walipofika, mzigo ukachukuliwa kutoka mikononi mwao. Susi na Chuma walifikishwa Uingereza baada ya mazishi. Watu waliojua zaidi kuliko wote kilichotokea bara walikuwa hapa Bagamoyo, wakizungumza Kiswahili, wakijulikana kwa majina. Hakuna gazeti lililotuma mtu kuwauliza wakiwa bado na vumbi la njia.

Lakini Bagamoyo inanikalia moyoni kwa jambo jingine, nalo ndilo tunda chungu la barua ile. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipochukua forodha za pwani na kuanza kutweka bendera yake, kutoza kodi na kuwapuuza maliwali na majumbe, pwani iliasi, kuanzia Pangani chini ya Abushiri bin Salim, hadi Saadani chini ya Bwana Heri na majumbe wengine kila mahali pake. Huko Ulaya, mwaka huohuo, Kadinali Lavigerie alikuwa akihutubia miji mikubwa juu ya unyama wa biashara ya watumwa, na Oktoba kukawa na mkutano mkubwa mjini Cologne. Mambo mawili yakafungwa pamoja. Magazeti ya Ujerumani yakayaita maasi ya pwani kuwa ni maasi ya Waarabu wauza watumwa. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1889, Bunge la Ujerumani likapitisha mark milioni 2 kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani. Fedha hizo zilimleta Hermann Wissmann na majeshi yake. Abushiri alinyongwa Pangani, Desemba 1889.

Kwamba baadhi ya waasi walikuwa na watumwa ni kweli. Abushiri mwenyewe alikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Ndiyo maana uongo ule ulisimama imara: ulikuwa umejengwa juu ya kweli. Na utawala ulioingia kwa fedha za kukomesha utumwa haukuufuta kisheria hata mara moja. Ulitoa hati za uhuru, ukaamua watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 wawe huru, ukaishia hapo. Utumwa ulifutwa Tanganyika mwaka 1922, na Waingereza, baada ya Wajerumani kwisha kuondoka.

Sitaki msomaji adhani nasema heri barua isingeandikwa. Unguja inanizuia. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba aliowekewa mbele na balozi John Kirk chini ya tishio la manowari kuzuia bandari. Kelele za magazeti juu ya Livingstone na Nyangwe zilikuwa sehemu ya msukumo huo. Leo pamesimama kanisa kuu la Waanglikana, na wazee wa baadhi ya watu ninaowajua waliuzwa pale. Ningewaambia nini? Kwamba afadhali aibu yetu ingebaki ya ndani? Habari za mgeni ziliwasaidia baadhi ya watu wetu na zikatumika kuwapiga wengine, na kalamu ilikuwa ileile.

Kutoka Unguja barua ilipanda meli. Waya wa telegrafu ulikuwa haujafika kisiwani, ulifika 1879. Na ilipofika London, aliyeibeba akageuzwa habari yeye mwenyewe. Stanley alijitangaza kuwa Mmarekani. Magazeti yakachimba, yakagundua kwamba alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, kwa jina John Rowlands, mtoto wa nje ya ndoa, aliyelelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph kabla ya kukimbilia New Orleans. Mama yake alikuwa hai. Stanley akakana. Mtu aliyewaandika wengine kwa wino mweusi bila kuwaomba ruhusa hakuvumilia umaskini wa kwao uandikwe. Mhamiaji ni mhamiaji: naye alikuwa na kijiji cha kukificha. Kwa hilo peke yake namwonea huruma.

Nikarudi Ujerumani, nikaenda Hamburg, kwenye makaburi ya Ohlsdorf. Hapo amezikwa Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja, aliyezaliwa 1844, akaondoka kisiwani 1866 akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, akabatizwa na kuitwa Emily Ruete. Mume alikufa kwa ajali ya tramu mwaka 1870, naye akabaki mjane ugenini na watoto watatu. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, na ndani yake mna hasira ninayoijua vizuri. Anawalaumu wasafiri wa Ulaya wanaokaa majuma machache katika nchi za Mashariki, kisha wakarudi kwao kuandika kitabu kizima juu ya wanawake na nyumba ambazo hawakuingia kamwe. Anawaeleza wasomaji wake jinsi watu wanavyoishi Unguja: chakula, mavazi, elimu, ndoa, ugonjwa. Kwa kurasa nyingi ni kitabu cha mtu anayeitetea nyumba ya baba yake, na anaitetea vizuri.

Halafu anafika kwenye utumwa. Hapo anaanza kufunika kombe mwanaharamu apite. Utumwa wa kwao, anadai, usilinganishwe na wa Marekani. Uhuru wa ghafla huleta uvivu. Na Wazungu waliokaa Unguja nao walikuwa na watumwa. Hili la mwisho lilikuwa kweli, na ni jambo ambalo magazeti hayakupenda kulisema. Lakini Salme alirithi mashamba, na mashamba hayakujilima. Miaka michache iliyopita uwanja mmoja mdogo mjini Hamburg ulipewa jina lake, kisha wenye mamlaka wakaamua kuliondoa kwa sababu ya maneno hayo. Nilisimama mbele ya kaburi lake nikaona kwamba nasaha zake kwa wasafiri ni za kuchukua, na utetezi wake ni wa kuacha. Tunaoishi nje tunaurudia mara nyingi. Tunapoulizwa juu ya ukeketaji au rushwa, tunajibu kwa kutaja maovu ya muulizaji, na tukiwa wajanja tunashinda hoja. Binti anayekeketwa hashindi kitu.

Nilikuwa tayari Ujerumani filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, ilipozunguka katika majumba ya sinema. Ilitoka 2004, ikapendekezwa kwa tuzo ya Oscar ya 2006. Ilionyesha Mwanza: viwanda vya minofu ya sangara, ndege kubwa za mizigo za Kirusi uwanjani, watoto wa mitaani, wanawake wanaouza miili yao kwa marubani, na mapanki yakikaushwa juani huku funza wakitambaa. Mwaka huohuo wa 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani kwamba imeichafua nchi, na Mwanza kukawa na maandamano. Mwandishi mmoja wa hapo aliyeonekana ndani ya filamu alipata misukosuko ya dola. Nilisumbuliwa na filamu ile kwa sababu mbili zinazopingana. Ilikuwa imefanya kile ambacho Herald haikufanya: ilimwonyesha mnunuzi, minofu ikipakiwa kwenda kwenye meza za Ulaya. Wakati huohuo iliegemea sana dokezo kwamba ndege zile zilileta silaha zikija, na picha yenyewe haikuonyesha silaha hizo. Ikawapa viongozi wetu nafasi ya kuigombania silaha na kusahau mapanki. Watazamaji wa mji ninaoishi walitoka sinema wakisema hawatakula tena sangara, kana kwamba mfanyakazi wa kiwandani Mwanza angepona kwa kufukuzwa kazi.

Mwaka 2008 mambo yalikwenda namna nyingine. Vicky Ntetema, Mtanzania aliyekuwa akiongoza ofisi ya BBC Dar es Salaam, alijifanya mteja akaenda kwa waganga wa Kanda ya Ziwa, akafichua biashara ya viungo vya watu wenye ualbino. Alitishiwa maisha hata akalazimika kujificha. Shirika lilikuwa la nje, tena la Uingereza, na habari ilikuwa mbaya kuliko ya sangara. Lakini aliyeileta aliuliza kwa Kiswahili, alijua mganga hupokeaje mteja, alijua nani hununua, na alirudi kukaa na waliodhurika. Baadaye alifanya kazi katika shirika la kuwatetea. Wapo waliomwona msaliti. Hata hivyo ilikuwa vigumu kusema kwamba ni Wazungu wamezusha. Kazini kwangu waliponiuliza juu ya habari ile, nilijibu kwamba ni kweli, na kwamba aliyeifichua ni dada yetu.

Kituo cha mwisho cha barua yangu ni Berlin. Mwaka 1896, katika bustani ya Treptow, watu zaidi ya 100 kutoka makoloni ya Ujerumani, Waswahili wakiwemo, waliwekwa katika vijiji vya bandia ili wenyeji walipe kiingilio kuwatazama. Miaka minne baadaye aliwasili Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki. Huko aliandika sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapwa 1903: jando na unyago, harusi, ngoma, misafara ya bara, madeni, utumwa na daraja zake, vyote vikielezwa bila kujitetea na bila kujidhalilisha. Hakuwa akiwajibu Wazungu. Alikuwa akieleza tu watu wanavyoishi, wema na ubaya, kama mtu asiyeogopa kusikika na jirani zake.

Mwaka 1904 alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Walipokwenda Afrika Mashariki mwaka uliofuata, serikali ya koloni ilikataa kumruhusu ashuke na mkewe, wakarudishwa Ujerumani. Hakuiona tena Dunda. Alifanya kazi kwa muda Hamburg, kisha akaishi kwa kuzunguka miji ya Ujerumani akitoa mihadhara juu ya nchi yake, hadi alipofariki Berlin mwaka 1927. Waliokuja kumsikiliza walikuwa wamekwisha kujazwa picha za Treptow na hadithi za Wissmann, na yeye chakula chake kilitegemea waje tena. Nadhani hakuna aliyeijua kazi ya mhamiaji anayeulizwa juu ya kwao kuliko mtu huyu.

Kitabu chake kilitoka kikiwa na jina la mhariri, Carl Velten, kwenye jalada. Jina la Mtoro lilipanda juu ya kitabu mwaka 1981, katika tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen. Wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi, hii ni kazi yenu: kitoeni kwa Kiswahili chake mwenyewe, kwa bei ya mwanafunzi, na jalada lisome Mtoro bin Mwinyi Bakari. Nasi tulioko nje tutakuwa na kitu cha kumpa mwenzetu wa kazini anapokuja na kikombe chake.